Uvimbe wa Ubongo: Maabara Hutafuta Jina la Seli

Jirani yangu mmoja, mama wa makamo anayeuza vitenge sokoni, alinijia jioni moja na swali lililokuwa limemkosesha usingizi. Kijana wake, fundi umeme mwenye umri wa miaka 34, alikuwa amepasuliwa kichwa majuma mawili nyuma, baada ya kuangushwa na kifafa cha ghafla akiwa kazini. Upasuaji ulikwenda salama. Lakini kila mama alipouliza habari za matibabu yatakayofuata, jibu lilikuwa lile lile: tungoje majibu ya maabara.

"Mwanangu," aliniambia, "daktari ameuona uvimbe kwa macho yake na kuutoa kwa mikono yake. Sasa anangoja nini tena?"

Swali hilo ni la haki, na nadhani si yeye peke yake aliyepata kuliuliza. Daktari wa upasuaji huona nyama iliyobadilika rangi na ugumu. Picha za mashine humwonyesha ukubwa wa uvimbe na mahali ulipo. Asichoweza kukiona ni aina ya seli zilizouzaa, na matibabu hutegemea jambo hilo.

Tazama tofauti yake, ndugu msomaji. Upo uvimbe wa ubongo uitwao glioblastoma. Katika majaribio ya Ulaya na Kanada yaliyochapishwa mwaka 2005, wagonjwa waliopewa mionzi pamoja na dawa ya temozolomidi waliishi, kwa kipimo cha mgonjwa wa katikati, miezi 14.6. Upo uvimbe mwingine uitwao oligodendroglioma. Katika majaribio ya Marekani na Kanada yaliyotangazwa mwaka 2013, wagonjwa ambao seli za uvimbe wao zilikuwa zimepoteza vipande viwili maalumu vya kromosomu waliishi, kwa kipimo hicho hicho, miaka 7.3 walipopewa mionzi peke yake, na miaka 14.7 walipoongezewa mchanganyiko wa dawa tatu. Aina hizo mbili huweza kufanana sana mkononi mwa mpasuaji. Mmoja huhesabiwa kwa miezi na mwingine kwa miaka, na tiba zake hazilingani.

Basi tuingie maabara.

Watu wengi hudhani kwamba ubongo wote ni seli za fahamu, yaani nyuroni, zile zinazopokea na kupeleka habari. Kumbe kati ya nyuroni zimo seli nyingine nyingi mno ambazo Rudolf Virchow, tabibu wa Ujerumani wa karne ya 19, alizifikiria kuwa kama gundi tu ya kuushikamanisha ubongo. Ndiyo maana hadi leo zinaitwa glia, neno la Kigiriki lenye maana hiyo hiyo ya gundi. Nyuroni za mtu mzima kwa kawaida hazigawanyiki tena, ilhali seli za glia na zile changa zinazozizaa zina uwezo wa kuongezeka. Kwa hiyo aina nyingi za uvimbe wa watu wazima unaoanzia ndani ya ubongo wenyewe hutokana na jamii hii ya glia, na huitwa glioma.

Taabu ni kwamba ubongo mbichi chini ya hadubini ni kama uji, kwani kila kitu kimeshikana na kila kitu hakina rangi. Aliyeufungua mlango kwanza ni Camillo Golgi, daktari wa Italia aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya wagonjwa wasiotibika katika mji mdogo wa Abbiategrasso. Hakuwa na maabara ya maana. Aligeuza jiko kuwa chumba cha utafiti. Mwaka 1873 alieleza njia yake: kipande cha ubongo kikaushwe ndani ya daikromati ya potasiamu, kisha kitiwe katika naitreti ya fedha. Madini hayo yalijaa ndani ya seli chache tu, yakazifanya nyeusi tititi pamoja na matawi yake yote, huku jirani zake zikibaki wazi. Kwa nini seli hii inashika weusi na ile ya kando yake haishiki, hata leo halijaelezwa likaisha. Lakini laiti zingeshika zote, asingeona kitu ila kiza.

Mhispania Santiago Ramón y Cajal alijifunza njia hiyo mwaka 1887, akaiboresha, akachora seli za ubongo kwa mkono wake mwenyewe. Mwaka 1906 yeye na Golgi waligawana Tuzo ya Nobeli, huku wakipingana waziwazi juu ya maana ya walichokiona. Mwaka 1913 Cajal akabuni rangi nyingine ya dhahabu na zebaki iliyozidhihirisha vizuri seli za glia zenye umbo la nyota, yaani astrositi. Hata hivyo katika picha zake zilibaki seli ndogo ndogo zilizoonekana kama vitone visivyo na matawi. Cajal alizipa jina la kupita, "sehemu ya tatu" ya ubongo.

Mwanafunzi wake, Pío del Río-Hortega, hakuridhika. Alitengeneza dawa yake mwenyewe ya kaboneti ya fedha, na hapo vile vitone vikatoa matawi. Tena vilikuwa vya aina mbili! Mwaka 1919 alizieleza mikroglia, seli za ulinzi zinazotembea ubongoni na kumeza uchafu. Mwaka 1921 akazipa jina oligodendroglia, seli zenye matawi machache ambazo huvisha nyuzi za neva gamba la mafuta. Kijana wa jirani yangu ataielewa kazi hiyo kuliko mimi, kwani ni sawasawa na mpira unaovikwa waya wa umeme. Ugunduzi huo haukumletea Río-Hortega amani. Mwaka 1920, katikati ya kazi hiyo, alitolewa katika maabara ya mwalimu wake kwa ugomvi. Baadaye vita vya Hispania vilimtoa nchini kwake, akafariki Buenos Aires mwaka 1945.

Nimelieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu majina ya uvimbe yanayoandikwa leo kwenye vyeti vya wagonjwa yametoka humo. Mwaka 1926, huko Marekani, Percival Bailey na mpasuaji mashuhuri Harvey Cushing walichapisha kitabu kilichoupanga uvimbe wa glia kwa kuzifananisha seli zake na seli za kawaida za ubongo, zilizokomaa na zile changa. Uvimbe wenye seli mfano wa nyota ukaitwa astrositoma, na wenye seli mfano wa zile za matawi machache ukaitwa oligodendroglioma. Kisha wakalinganisha kila jina na muda ambao wagonjwa waliishi, wakaona kwamba jina lina uzito katika maisha ya mtu.

Njia ya kila siku ya maabara, hata katika hospitali zetu, ni rahisi kuliko ile ya fedha. Nyama iliyotolewa huwekwa katika formalini isioze, hukaushwa maji kwa alkoholi, hugandishwa ndani ya nta ya parafini, kisha hukatwa vipande vyembamba vya kama elfu nne za milimita moja, vikalazwa juu ya kioo. Hutiwa rangi mbili: hematoksilini, inayotokana na mti wa Amerika ya Kati na kuvipa viini vya seli rangi ya samawati iliyoiva, na eosini ya waridi kwa sehemu iliyobaki. Hatua hizo haziharakishwi. Formalini ikikosa muda wa kupenya, nyama huharibika katikati, na kilichoharibika hakitengenezeki tena. Basi sehemu ya zile siku za kungoja imekwenda hapo, mama.

Mtaalamu wa patholojia huketi na kioo hicho akatafuta sura. Seli za oligodendroglioma hujulikana kwa kufanana na mayai ya kukaanga: kiini cha duara katikati na weupe pembeni. Nilicheka nilipofahamu kwamba weupe huo haukuwamo kichwani mwa mgonjwa, bali huletwa na namna nyama inavyotayarishwa kwa formalini; uvimbe huo huo ukigandishwa kwa baridi na kukatwa upesi, mayai hayaonekani. Hivyo alama ambayo vizazi vya madaktari wameitegemea ni alama ya jiko la maabara, si ya ugonjwa wenyewe. Imesaidia sana, hilo halina ubishi. Lakini mabingwa wawili waliokabidhiwa kioo kimoja mara nyingi walitoa majina mawili, na pale waliposhindwa kukubaliana likatumika jina la mchanganyiko, oligoastrositoma, ambalo kwa maoni yangu lilikuwa namna ya heshima ya kusema hatujui.

Jicho lilihitaji msaidizi, naye akapatikana kutoka katika damu. Mwili ukiingiliwa na kitu kigeni hutengeneza kingamwili, protini inayokishika kitu hicho na kuacha vingine, kama ufunguo unavyolikubali kufuli lake. Mwaka 1941 Albert Coons na wenzake huko Harvard walifunga rangi ing'aayo kwenye kingamwili, wakaitumia kama taa ya kuonyesha mahali kitu fulani kilipo ndani ya nyama. Miaka ya 1960 rangi hiyo ilipata mshirika, kimeng'enya kinachotolewa katika mzizi wa mmea wa horseradish, wenye ukali kama haradali, ambacho huacha doa la kahawia linaloonekana kwa hadubini ya kawaida. Na mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein, huko Cambridge, waligundua namna ya kutengeneza kingamwili ya aina moja tu bila kikomo, badala ya kutegemea damu ya sungura huyu na yule.

Kilichokosekana kilikuwa kufuli, yaani protini iliyomo katika aina moja ya seli ya ubongo na isiyomo katika nyingine. Lawrence Eng wa California aliipata katika makovu ya ubongo ya watu waliofariki kwa ugonjwa wa kukakamaa kwa neva, akaieleza mwaka 1971. Huitwa kwa kifupi GFAP, nayo ni kama fito za ndani za seli za astrositi. Kioo kikitiwa kingamwili yake, astrositi huonekana za kahawia na matawi yake yote. Baadaye zilifuata nyingine. Ile iitwayo NeuN, iliyoelezwa mwaka 1992, hushika viini vya nyuroni. Olig2 huonyesha jamii ya glia. Ki-67 huonyesha seli zinazojitayarisha kugawanyika, na jina lake limetokana na mji wa Kiel, Ujerumani, na namba ya kisahani ilimopatikana.

Faida yake huonekana mara moja. Kwa watu wazima, uvimbe mwingi wa ubongoni haukuanzia ubongoni. Ni kansa ya mapafu, ya titi au ya ngozi iliyosafiri. Uvimbe uliosafiri kutoka mapafuni kwa kawaida hushika kingamwili ya keratini, na glioma hushika ya GFAP. Kwa vioo viwili daktari hujua kama atafute kansa kifuani au abaki kichwani.

Lakini asidhani amemaliza. Ipo dawa ya keratini inayotumika sana, iitwayo AE1/AE3, ambayo hushika pia astrositi kwa makosa, na aliyeitegemea peke yake anaweza kuiita glioma kansa ya mapafu. Hali kadhalika astrositi nzima zisizo na kansa, zikichokozwa na uvimbe ulio jirani, hujaa GFAP na kuonekana za kahawia iliyokoza. Ilhali seli za kansa zilizoharibika mno huweza kuipoteza protini hiyo kabisa. Kwa hiyo mtu mwema hung'aa na mhalifu hufichika. Ndiyo sababu maabara makini haisomi kioo kimoja, na kila mara huweka pembeni kioo cha majaribio ambacho jibu lake linajulikana.

Mwaka 2008 mambo yaligeuka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na wenzao walisoma jeni za glioblastoma na kukuta kwamba katika baadhi ya wagonjwa, hasa vijana, jeni iitwayo IDH1 ilikuwa na kosa mahali pale pale. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba kosa hilo limeenea katika astrositoma na oligodendroglioma zinazokwenda polepole, na kwamba wenye nalo huishi muda mrefu zaidi kuliko wasio nalo, hata pale nyama zao zinapofanana chini ya hadubini. Orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2016 ikaanza kuyaingiza mambo ya jeni ndani ya majina yenyewe, na ile ya mwaka 2021 ikakaza uzi. Kwa watu wazima, glioma zinazotapakaa zikabaki tatu. Isiyo na kosa la IDH ni glioblastoma. Yenye kosa hilo ni astrositoma. Na yenye kosa hilo pamoja na upotevu wa vile vipande viwili vya kromosomu ni oligodendroglioma. Lile jina la mchanganyiko likakosa kazi, kwani uvimbe mwingi ulioitwa hivyo ulipopimwa jeni ulionekana kuwa wa upande huu au ule.

Wakati huo huo watafiti walitaka kujua zaidi ya jina la uvimbe mzima. Uvimbe si seli za kansa tupu: ndani yake mna mishipa ya damu, mna astrositi zilizochokozwa, na mna mikroglia na seli nyingine za ulinzi, ambazo katika glioblastoma zaweza kufikia hata theluthi ya seli zote. Ukiusaga wote na kuupima, unapima soko zima na kudhani umemsikia mtu mmoja. Mwaka 2004 kundi la Toronto lilitumia mashine inayochuja seli moja moja kwa kingamwili, likaonyesha kwamba seli 100 zenye alama ya CD133 ziliotesha uvimbe katika panya, na seli 100,000 zisizo na alama hiyo hazikuotesha. Tafiti za baadaye zilionyesha kwamba hata zisizo na alama zaweza kuotesha, basi jambo likawa si jepesi kama lilivyodhaniwa. Mwaka 2014 watafiti wa Boston walisoma maagizo ya jeni ya seli 430, moja baada ya moja, kutoka glioblastoma tano. Walikuta kwamba ndani ya uvimbe mmoja wa mtu mmoja zimo seli za mienendo tofauti. Uchunguzi mwingine wa mwaka 2019 ukaipanga mienendo hiyo katika hali nne, na kuonyesha kwamba seli huweza kuhama kutoka hali moja kwenda nyingine. Dawa ikiua seli za sura hii, zile za sura nyingine zaweza kubaki na kuzijaza nafasi zao.

Hata watafiti wenyewe wamepata kukosea jina. Mwaka 1966, huko Uppsala, Sweden, seli za glioma ya mgonjwa mmoja ziliotweshwa katika chupa. Zikaitwa U87MG, zikasambazwa duniani, zikatumika katika maelfu ya majaribio. Mwaka 2016 watu wa Uppsala ile ile walizilinganisha seli zinazouzwa leo na nyama ya asili waliyokuwa wameihifadhi. Hazikuwa za mtu yule! Kwa bahati, mpangilio wa jeni zake ulionyesha kwamba yumkini ni glioblastoma kweli, ila ya mgonjwa asiyejulikana. Leo magazeti mengi ya sayansi hudai seli zipimwe utambulisho kabla ya kukubali taarifa.

Sasa turudi nyumbani. Mashine za kusoma jeni ni ghali, na hazipo katika hospitali nyingi za nchi zetu. Orodha ya Shirika la Afya Duniani inalijua hilo, ikaweka herufi tatu, NOS, za kuandikwa baada ya jina pale ambapo kipimo kinachotakiwa hakikufanyika. Si aibu ya daktari. Ni ukweli ulioandikwa. Lakini kwa mgonjwa herufi hizo zina maana kwamba tiba inachaguliwa nusu gizani. Na gharama ya giza hilo inazidi kupanda, kwani mwezi Agosti 2024 Marekani iliidhinisha dawa ya vorasidenibu kwa glioma za daraja la pili zenye kosa la IDH baada ya upasuaji. Asiyejua kama kosa limo hawezi hata kuiomba.

Bahati njema, mlango mmoja hauhitaji mashine kubwa. Mwaka 2009 watafiti wa Heidelberg walitengeneza kingamwili inayoitambua protini ya IDH1 yenye lile kosa la kawaida na kuiacha iliyo nzima, ingawa tofauti kati yake ni kiungo kimoja tu cha mnyororo. Katika glioma zenye kosa la IDH, kama tisa katika kila kumi hunaswa na dawa hiyo moja. Kinachotakiwa ni kioo, hadubini, kingamwili yenyewe na fundi anayeijua kazi. Ikiongezwa kingamwili ya ATRX, protini ambayo astrositoma za aina hiyo mara nyingi huipoteza, astrositoma yaweza kutengwa na oligodendroglioma bila kupima kromosomu. Kwa mgonjwa wa miaka 55 au zaidi ambaye nyama yake ina sura ya glioblastoma, kioo hicho kisiposhika rangi, kwa kawaida kipimo cha jeni ya IDH hakidaiwi tena. Kwa kijana, kioo kisichoshika hakitoshi, kwani yapo makosa ya IDH ambayo dawa hii haiyaoni.

Jambo jingine ambalo jamaa wa wagonjwa hawaambiwi mara nyingi ni kwamba nyama iliyogandishwa katika nta haiharibiki upesi. Yaweza kukatwa tena baada ya miaka na kutiwa rangi mpya. Ina namba yake, na ni halali kwa jamaa kuiuliza namba hiyo, kuiandika na kuitunza pamoja na cheti cha upasuaji, ili nyama iweze kupelekwa penye kipimo ambacho hospitali ya kwanza haikuwa nacho.

Majibu ya kijana wa jirani yangu yalifika siku chache baada ya mazungumzo yetu. Mama alikuja nayo yakiwa yamekunjwa ndani ya kanga, tukayasoma pamoja mlangoni. Yaliandikwa astrositoma, na mbele yake zile herufi tatu. Siku ya pili alirudi kwa daktari na kuuliza habari ya kingamwili ya kahawia. Daktari hakushangaa; alimjibu kwamba hospitali yao haina, akamtajia maabara nyingine iliyo nayo na kumwandikia barua. Kipande cha nta kimekwenda huko na namba yake. Mama anasema safari hii anajua anachokingoja.